Treni ya Koko Nsimire Haijafika Uvira

Samedi (jumamosi), magaribi

Na leo fishi, ile karatasi ya kuandika ushuhuda, haikuisha. Ni mara ya ine napanda mtaa wa Bagira kwa muzee Koko Nsimire, mutu wa mwisho tunayejua mwenye alipanda treni ya zamani ya Kamanyola mpaka Uvira. Reli zilishatolewa, kumebaki maneno yake tu. Prezida wa chama chetu cha historia amekasirika, ameniuliza: "Papa, ile safari ni ya siku ngapi?"

Koko anaanza kila mara muzuri. Kofia ya baba yake, moshi, maman mwenye alibeba kuku. Tukikaribia Uvira, anasema amechoka. "Utarudia samedi, nitakumalizia."

Nilifikiri ni uzee. Leo nimekuta vikombe viwili vimeshapangwa juu ya meza, na sikukuwa nimemuambia saa ya kufika. Watoto yake wote wako Kampala.

Kwangu, mtaa wa Nguba, tangu maman wa watoto afariki, nasikia frigo tu ikinguruma ndani ya nyumba.

Kisha leo alijisahau. Ndani ya maneno yake treni ilisimama Uvira, akaanza kusema nani alikuwa anawangoja pale.

Nikafunga kaye yangu ya kuandikia mbele amalize. "Koko, leo ni mimi nimechoka. Utanimalizia samedi."

Akaniangalia, akaniongezea chai.