Rangi Tulizokosa Kukuambia, Tata

Ni mwaka mmoja sasa, Tata, baba yetu, tangu saa tatu asubuhi ilipofika hapa Roret na kwa mara ya kwanza hakuna mtu aliyetoka kwenda kupima mvua. Tulikuwa tumejaa sebuleni na waombolezaji, vikombe vinapita mkono kwa mkono, na kipimo chako huko nyuma ya nyumba kimejaa mpaka kinamwagika. Mama ndiye aliyekumbuka. Aliinuka katikati ya maombi bila kumwambia mtu, akaenda kukisoma kwenye matope na viatu vyake vya kanisani.

Kalamu nimepewa mimi, Lenah, kitinda mimba wako, kama ilivyokuwa kawaida nyumbani kwetu. Ndugu zangu wameniambia niandike maneno mazuri na mafupi. Mazuri yapo mengi. Mafupi nitajaribu.

Kwa wasiokujua: wewe ni Mzee Osoro Mageto, uliyepima mvua miaka ishirini na tisa kwenye shamba moja kubwa la chai kule Kericho. Kila asubuhi saa tatu kamili ulikuwa kwenye kipimo, umevaa gambuti hata jua likiwaka, unasoma, unaandika, unamwaga. Hata siku ya Sabato ulienda. Mchungaji alipokuuliza, ulimjibu kwamba mvua ni ya Mungu na wewe unaiangalia tu. Wanawake wa kambi ya wafanyakazi hawakuanika nguo kabla ya kukuuliza, na ulipokosea uliwasaidia kuanua.

Ulipostaafu walikupa cheti na blanketi. Kipimo uliomba mwenyewe, kile kikuukuu kilichopasuka mdomo, wakakupa huku wanashangaa. Uliposhuka kwenye gari la mizigo hapa Roret ulikuwa umekipakata kama mtoto mchanga, na meza ya Mama imevunjika mguu huko nyuma.

Mtu anayetazama juu kila siku akitafuta mawingu, ndege wataanza kumpitia machoni. Ndivyo ulivyoanza. Sabato alasiri, baada ya kanisa na chakula, ulitutoa sote matembezi, kando ya majani chai mpaka kwenye nyasi za jirani yetu, Mzee Kipkorir. Watu walitucheka. Walisema watoto wa Osoro wanaenda kuwasalimu ndege.

Masharti yako yalikuwa makali. Mtu akisema, "Tata, ona yule mwekundu," ulikataa hata kugeuka.

"Usiniambie rangi kwanza," ulisema. "Niambie anarukaje. Rangi tutaiweka mwisho."

Basi tulijifunza kwamba mwewe huupinda mkia wake wa panda huku na huku, kama dereva anayekwepa mashimo, na kwamba kipanga mwenye kifua cheupe na mkia wa rangi ya matofali huzunguka juu bila kupiga bawa. Korongo mwenye taji, ambaye Mzee Kipkorir humwita kong'ony, hunyoosha shingo mbele na miguu nyuma, na huwa hana haraka na mtu. Shorobo unamwona wa kijani tu mpaka aruke, ndipo mabawa yanafunguka mekundu.

Lakini wale wa moyoni mwako hawakuwa wakubwa. Walikuwa wale weusi wadogo wenye mikia mirefu kuliko miili yao, wanaotokea kwenye nyasi za Kipkorir wakati wa masika. Wako wa aina mbili, na ulitupa majina ya kuwaita. Mmoja ni Mrukaji, mweusi mtupu, anayejirusha juu ya nyasi na kushuka palepale, kama mtu anayechungulia ua wa jirani. Wa pili ni Mwenye Skafu, anayepita polepole akiburuta mkia, na shingoni ana mstari mwekundu. Wakiruka, hata kaka yetu Ondieki, asiye na subira na kitu chochote, hakuwakosea. Wakiwa wametua, ni shingo tu inayowatofautisha.

Mimi ndiye niliyeandika. Ulisema mwandiko wako ni wa tarakimu, hauwezi maneno. Nilipoajiriwa kufundisha Londiani ukaanza kunipigia simu kila Sabato saa kumi. Hukuuliza hali. "Lenah, uko na kalamu?" ndiyo ilikuwa salamu yako. Ulitaja tarehe, mvua, hali ya anga, kisha ndege mmoja mmoja. Tuna madaftari matatu ya kazi hiyo.

Sasa niseme lile linalotuuma, maana bila hilo haya yote ni mapambo. Tata, ulikuwa huoni, na sisi hatukujua.

Dalili zilikuwepo, tena mezani petu. Uliacha kusoma neno kanisani, ukasema vijana nao wapewe nafasi. Tulikusifu kwa unyenyekevu huo, na mimi niliwasimulia walimu wenzangu. Uliacha kusalimiana na watu njiani mpaka waseme kwanza, na Mzee Kipkorir akanung'unika kwa Mama, "Huyu mzee siku hizi ananiringia." Dada yetu Moureen alikununulia miwani sokoni Kericho. Ulikuwa ukiivaa siku anapokuja, unasema sasa unaona vizuri kabisa, na akienda inarudi kwenye kabati.

Kila asubuhi ulimwita Mama kwenye kipimo. "Rebeccah, hebu soma wewe leo, nikuone kama umejua." Alifikiri unamfundisha. Mwanamke wa miaka sitini na mitatu alirudi jikoni akitabasamu kwa sababu mumewe amemwambia amepata.

Nikija kwenye Sabato ile ya mwisho, Tata, mkono wangu ni mzito. Shule zilikuwa zimefungwa, mwishoni mwa Aprili, na nilikuwa nyumbani. Tulisimama wawili kwenye ua wa Kipkorir, wewe umeshika nguzo moja, mimi daftari mkono mmoja na simu mkono wa pili. Ndege akatua kwenye nguzo ya tatu kutoka kwetu. Mweusi, mkia mrefu. Hakuruka. Alikaa tu hapo, anajipanga manyoya.

"Lenah," ukaniambia, "huyo ako na shingo ya rangi gani?"

Sikuinua macho kwenye simu. "Ai, Tata. Si uko hapa na unamwona."

Ulicheka kidogo. Ulingoja, nadhani ulingoja aruke ili ujitegemee, na hakuruka. Kisha ukasema, "Basi andika mweusi."

Nikaandika mweusi. Katika madaftari matatu, ndiyo mara ya pekee uliyonipa jibu ambalo hukuwa na hakika nalo, nami ndiye niliyekulazimisha. Uliniomba msaada kwa njia moja tu ambayo mtu kama wewe angeweza kuomba, nami nilikutania.

Jumanne iliyofuata Ondieki alichimba mtaro wa kupitisha maji, unaokata njia ya kwenda zizini. Alikuambia wakati wa chakula, "Tata, nimechimba mtaro hapo chini, uangalie." Ukamjibu, "Nimeuona." Asubuhi yake ulikwenda kuwatazama ng'ombe. Mtaro wenyewe haufiki hata magotini.

Hospitalini daktari alikumulika macho kwa tochi, akauliza kwa upole, "Huyu mzee aliacha kuona lini?"

"Anaona," Moureen akasema. "Yeye ndiye hutuonyesha ndege."

Daktari akatutazama mmoja mmoja. Alisema ni ugonjwa wa mtoto wa jicho, macho yote mawili, na umekomaa siku nyingi. Alisema hauna maumivu na huondolewa kwa nusu siku, mtu akalala kwake usiku uleule. Hakutulaumu hata kwa neno. Ingekuwa afadhali atulaumu. Ulilala siku tisa na kichwa kilichogonga jiwe mle mtaroni, na hukuamka vizuri tukapata kukuuliza.

Baada ya mazishi nilikaa na Mama tukafungua madaftari. La kwanza limejaa rangi: matofali, samli, majivu, kijani cha chai inayochipua. La pili rangi zinapungua. La tatu, kuanzia ukurasa wa tisa, hakuna rangi hata moja. "Anapinda mkia." "Wawili, shingo mbele, miguu nyuma." "Anazunguka, hapigi bawa." Nilikuwa nikisifu jinsi ulivyokuwa mkali na masharti yako uzeeni.

Mama ndiye aliyeweka kidole kwenye safu ya anga. Sabato baada ya Sabato nilikuwa nimeandika neno moja: ukungu. Mimi niko Londiani, ambako ukungu ni jirani yetu, sikushangaa. "Siku hizi ukungu wa Roret hautoki," ulikuwa ukiniambia, nami nikajibu, "Pole, Tata, hata huku."

"Januari?" Mama akauliza. "Januari hiyo jua liliunguza majani chai."

Na kweli, kando yake nilikuwa nimeandika, kwa mkono wangu mwenyewe, mvua sufuri. Ukungu na sufuri, ukungu na sufuri, wiki saba mfululizo. Mwalimu mzima, ninayesahihisha madaftari ya watoto wa watu kila siku.

Ondieki aliufukia ule mtaro jioni ya siku uliyozikwa, bado amevaa suti. Mvua ilipozidi maji yakaingia jikoni na kwenye majani chai, na Mama akamwambia auchimbe tena, kwa sababu usingependa majani yaoze kwa ajili yako. Aliuchimba. Ameweka daraja la mbao na mkono wa kushikilia, imara kupita kiasi, na hakuna anayemtania.

Nawe pia tunakulaumu kidogo, Tata, turuhusu. Ungesema. Ulikuwa na wanawake na watoto wa kanisa zima wakuombee, na sisi wa damu wa kukushika mkono. Labda uliona haya, mpima mvua asiyeona tarakimu. Labda uliogopa tutakuacha nyumbani siku za Sabato. Tumebishana sana juu ya hilo, na kila mmoja wetu huishia kusema kwamba tulipaswa kuuliza sisi.

Yapo tuliyoyafanya, ingawa yamechelewa. Mama amepimwa macho. Mzee Kipkorir naye Mama alimsumbua mpaka akakubali, na Februari aliondolewa mtoto wa jicho la kushoto. Alirudi akapitia kwetu kabla ya kufika kwake, akakaa kwenye kiti chako.

"Nusu siku tu, Lenah," akasema. "Nusu siku, chai ya saa kumi nikainywea wodini."

Wiki iliyopita nilienda kwenye ua wake, peke yangu, bila simu. Nyasi zimeota ndefu. Nilifumba macho nusu mpaka kila kitu kikawa ukungu, nikasimama hivyo nikijaribu kuona ulivyokuwa unaona. Kwa muda sikuona kitu. Halafu kitu cheusi kikapita juu ya nyasi, polepole, kinaburuta mkia, nami nikamjua kabla sijafumbua macho. Nakubali sasa, Tata. Mruko unatosha kumtambua ndege. Ila hautoshi kwa mtu anayetaka kuiona ile nyekundu, nayo hutokea kwa wiki chache tu za mwaka.

Alitua kwenye nguzo ileile, ya tatu. Kipkorir alikuja akasimama kando yangu, akafunika jicho lake baya kwa kiganja.

"Huyo wenu amerudi," akasema.

Nilifungua daftari la tatu kwenye mstari wa mwisho. Neno "mweusi" sikulifuta, maana wewe ndiye uliyenituma niandike. Chini yake nimekujibu lile swali lako, na nitakusomea hapa ili wote wasikie.

Unakumbukwa na mkeo Rebeccah, anayepima mvua sasa kila saa tatu na kuisoma kwa sauti. Mwanao Ondieki na mkewe Phyllis. Binti zako Moureen na Lenah. Wajukuu zako watano, ambao hatuwaruhusu kutaja rangi kwanza. Na jirani yako Kipkorir, anayeomba umsamehe kwa kudhani unamringia. Sabato hii baada ya kanisa tutatembea tena mpaka kwenye nyasi, na anayetaka aje.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu. Na shingo yake ni nyekundu, Tata. Nyekundu sana.