Koki Nyekundu Nje ya Jiko

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Pokea salamu zangu, tena za kukushika mikono yote miwili. Mgongo wako unaendeleaje? Mimi mzima. Wajukuu nao hawajambo, wanakula kama nzige.

Najua kwako hakukaliki. Nimesikia mwanetu, fundi wa pampu, amelala kaugeukia ukuta tangu asimamishwe kazi melini, na mabaharia wakipita wanamwita Pampu Kavu. Waambie midomo yao nitaishona mimi. Sasa kaa kitako nikueleze siku ya moto, maana uliyoyasikia ni nusu.

Ilikuwa mchana, meli imetia nanga, nami niko jikoni nachemsha maharage ya mabaharia. Stoo ya rangi iko chini kabisa ya jiko langu. Ikashika moto, moshi ukajaa ngazini, nikajifungia. Mara nasikia maji yanabubujika nje, kwenye ujia. Yakapenya chini ya mlango yakanifika magotini, na huko nje yalikuwa kiunoni. Mlango wenyewe unafungukia nje. Nasukuma, maji yameuegemea kama mlevi, hausogei. Kidirisha hakipitishi hata paka. Bati la sakafuni linachoma, ndala zinalainika, na ni maji hayo tu yaliyozuia nisichomeke kama muhogo. Nimezaa watoto saba, mdogo wangu, sijawahi kukwama vile. Niligonga sufuria ukutani mpaka ikabonyea.

Huko juu mwanetu alikuwa amekwishawasha pampu. Ilinguruma vizuri, lakini mpira wa kuzimia moto ulichuruzika kama pua ya mtoto mwenye mafua. Baharia mmoja mrefu aliyeushika akasogea karibu ili maji yafike, akaungua mikono yote miwili. Moto ulizimwa na boti ya bandari. Wakaguzi wakasema pampu mbovu, fundi mzembe. Mwanetu akaapa kwamba aliijaribu juzi yake tu, wakamcheka. Alhamisi wanakaa kumnyang'anya cheti.

Mimi nikaitwa mwenye bahati. Watu wanakuja chumbani kwangu kunipa pole, wanasema Mungu alinimwagia maji. Siku kumi na moja nimekaa humu ndani, mlango uko wazi, na sitoki.

Sikiliza basi. Pampu haikuwa mbovu. Asubuhi ile bomba la jikoni lilikauka na masufuria yamejaa mafuta. Pale ujiani kuna koki nyekundu ya zimamoto. Mwanetu alikwishanionya: "Mama mkubwa, koki hiyo si ya vyombo. Ukiiacha wazi huku chini, kule juu hatupati nguvu ya maji." Nikamjibu nimekuosha matako wewe, leo unifundishe maji? Nikaifungua. Haikutoa hata tone, kwa kuwa pampu ilikuwa imezimwa. Nikaenda zangu, nikaiacha wazi. Alipoiwasha pampu, maji yote yakaja kwangu. Yakaniponya mimi, yakamnyima yule baharia.

Huko ni kusahau, na mtu husahau. La pili sikusahau. Pampu ilipozimwa maji yakapungua, nikatoka, na kabla hajashuka mtu, nikaifunga koki ile kwa mkono wangu huu. Wakaguzi wakaikuta imefungwa, wakadhani maji ya ujiani ni ya boti. Nikanyamaza. Niliogopa kufukuzwa kazi, na nilipenda kuitwa mwenye bahati. Ndiyo hivyo.

Unajua mimi kalamu sijawahi kuishika. Jirani alijitolea kuniandikia, nikamkataa, kwa jirani ningepunguza maneno. Anayeandika haya ni karani wa wakaguzi wenyewe, na nimemwambia atoe nakala mbili: moja yako, moja ya mezani kwao. Amesimama mara mbili kuniuliza, bibi, una hakika? Nimemwambia andika.

Usimwombe mwanetu anisamehe, hilo ni lake. Mwambie ainuke, aoge, na Alhamisi avae shati safi. Nitakuwepo. Mkiwa na nafasi kwenye benchi lenu nitakaa. Mkiwa hamna, nitasimama na kusema haya haya.

Nisalimie shemeji, na wote wa humo ndani watakaokubali salamu zangu.

Ni mimi dada yako mkubwa,
kwa alama ya dole gumba.