Mkono Wako Kwenye Kona ya Picha

Dada yangu Rasoa,

Wasomaji wa gazeti hili wananijua kwa ugomvi. Wamenisoma nikiwachapa machifu, nikiwachapa wahubiri wanaofundisha subira watu wenye njaa, na mara moja nikamchapa hata mhariri anayenipa nafasi hii. Leo nakuandikia wewe mbele yao. Hukujua kusoma, na sasa hupo tena wa kusomewa, lakini uongo nilioutunza miaka hii yote unakuhusu wewe, na nimechoka kuutunza.

Nakumbuka siku uliyoileta kamera. Uliifunga mgongoni kwa shuka ukatembea nayo kutoka Lanet mpaka kwetu kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, na akina mama njiani wakakupongeza wakidhani umejifungua. Ilikuwa ya yule Mzungu uliyemfulia nguo, mpiga picha wa ndege wa ziwani, aliyekuwa anarudi kwao. Alikuachia sanduku la mbao, tumbo lake la ngozi linalokunjika kama kinanda cha mkono, na kile kioo cha nyuma chenye ukungu ambacho picha hutua juu yake. Lenzi aliing'oa akaenda nayo.

"Nimekuletea ng'ombe," ukasema ukiishusha. "Jicho utamtafutia mwenyewe."

Nikaazima kitabu. Wiki mbili nilikisoma mpaka nikaweza kukikariri, na tulipokwenda kwa Mzee Jivan, yule fundi wa saa aliyeuza kamera kuukuu, nilikuwa nimeshakuwa profesa. Akatuwekea lenzi mbili mezani. Kubwa ilikuwa nzito, shaba yake imebonyea, na ukitazama kupitia kwake mtaa wote ulikuwa hafifu kama saa kumi na mbili jioni. Ndogo ilimetameta. Ilikuwa imetolewa kwenye kamera ndogo, lakini ilipitisha mwanga mwingi, na kitabu changu kiliusifu sana mwanga mwingi.

"Hii ndogo," nikasema.

"Ngoja kwanza. Weka jicho kwa kona."

Ulishika kile kioo cha ukungu ukanionyesha ncha zake nne zilivyokatwa kidogo. "Yule mzee wa ndege alikuwa anachungulia hapa kila akibadilisha lenzi. Ukiona tundu la lenzi lote, mviringo, mwanga unafika mpaka mwisho. Ukiliona limekatwa kama mwezi mchanga, kona zitakuwa giza."

Mzee Jivan akacheka mpaka miwani ikateleza. "Mama hii iko fundi! Wewe nasoma kitabu, yeye iko ona!"

Kicheko kile kilinichoma. Nikakugeukia mbele yake nikasema maneno ambayo ningetoa sehemu yoyote ya mwili wangu niyarudishe: "Dada, hii ni fizikia. Si kufua mashuka."

Ulifungua kitambaa chako cha kichwa, ukakifunga upya. "Haya, Bwana Gazeti," ukasema. "Macho ni yako."

Nikainunua ndogo. Sikuchungulia kona hata moja. Mimi, niliyejaza kurasa nikiwatukana Wazungu wanaodhani kwamba mtu aliyekosa darasa amekosa akili!

Picha ile ya familia uliiomba wewe. Mumeo, shemeji Kamau, alikuwa bado anafanya kazi ya shamba kule Rongai, na habari zilikuwa zimeenea kwamba Wakikuyu wote wangepakiwa kwenye malori warudishwe rizavu, kwenye ardhi waliyotengewa na serikali. Wewe hukuwa Mkikuyu. Baba alikuambia kwamba unaweza kubaki nyumbani kwake, hakuna ambaye angekugusa.

"Nibaki na nani?" ukamuuliza. "Na kuku?"

Ulichotaka ni mama abaki na picha ya watoto wake wote. Mkaja Jumapili baada ya kanisa, jua liko utosini. Uliwapanga wewe: mama na baba kwenye benchi, ndugu zetu chini kwenye nyasi, Kamau nyuma na mtoto mchanga, binti yako Wanjiru mbele akikunja uso kwa jua. Wewe mrefu ukaingia mwisho kabisa, nyuma, pembeni, ukanyoosha mkono ukalishika bega la Wanjiru.

Nikaingia chini ya kitambaa cheusi. Kwenye kioo watu huonekana miguu juu, lakini nilishazoea. Nikamwona mama, wazi kama aliyechorwa kwa sindano. Nikamwona baba na kofia yake ya reli. Kisha nikakutafuta wewe.

Kona ilikuwa nyeusi. Kona zote nne zilikuwa nyeusi, ila tatu zilikuwa zimekula ukuta na nyasi. Yako ilikuwa imekula mtu. Niliona mkono tu, mpaka kwenye kiwiko.

Sikukosea, dada. Kukosea ningejisamehe. Nilikuona hupo. Na dawa ilikuwa hatua nne! Ningerudi hatua nne nyuma mngekuwa wadogo, lakini mngeingia wote. Au ningesema tu, sogea ndani. Lakini ungejua mara moja kwa nini, nami ningekisikia kile kicheko cha Mzee Jivan tena, safari hii kutoka kwako, ingawa najua kabisa kwamba usingecheka.

"Kona ziko sawa?" ukauliza.

Nikajibu nikiwa bado chini ya kitambaa. "Ziko sawa."

Nikabonyeza. Ukasema turudie moja, maana mtoto alitikisika. Nikakuambia filamu iliyobaki imeharibika. Haikuwa imeharibika. Keshoye nilimwomba jirani anipige nayo mimi mwenyewe, uso wangu katikati kabisa, mahali ambapo lenzi ile haina kosa. Ndiyo picha inayokaa juu ya makala zangu mpaka leo. Wasomaji, itazameni. Hiyo ilikuwa nafasi ya dada yangu.

Malori yalikuja kabla ya wiki kwisha. Nilikuwa nimechelewa kuisafisha filamu, kwa makusudi, usije ukaiona. Ukaenda ukiamini kwamba mama atakuwa na sura yako ukutani. Kichomi kilikuchukua huko kabla mahindi yako ya kwanza hayajakomaa, na mama alipokuja kunidai ile picha, nilimpa, nikamwambia kona imeingia giza kwa sababu kamera ilikuwa mbovu. Akaniambia pole. Mimi, akanipa pole!

Ningeendelea kunyamaza, lakini mwezi uliopita Kamau alimleta Wanjiru akae na bibi yake asome. Amerefuka kama wewe. Anafunga kitambaa chake kama wewe, kwa hasira kidogo. Juzi aliitoa picha ukutani akaja nayo mezani kwangu, nikiwa ninaandika dhidi ya waongo wa serikali.

"Mjomba, huyu aliyenishika bega ni nani?"

"Mama yako."

"Mbona hana uso?"

"Jua lilikuwa limezama," nikasema.

Akaisogeza picha karibu na dirisha, akaitazama kwa muda. "Sasa mbona mimi nimekunja macho hivi?"

Mtu aliyeshindana na madisii, wakuu wa wilaya, alishindwa na mtoto wa darasa la tatu. Akairudisha picha ukutani taratibu, akatoka nje kuteka maji, nami nikajua ananihesabu miongoni mwa watu wazima wasioaminika.

Ile lenzi kubwa nilirudi kuichukua kwa Mzee Jivan zamani. Hakucheka. Ile ndogo ninayo bado kwenye droo, nimeifunga kwa soksi. Jumapili hii, saa ile ile, nitaipachika kwenye kamera yako. Nitamwingiza Wanjiru chini ya kitambaa, nimwonyeshe ncha ya kioo iliyokatwa, nimwambie aweke jicho pale kama ulivyoniambia. Kisha nitakwenda kusimama mahali uliposimama wewe, nyuma, pembeni, ninyooshe mkono, nimwulize kama ananiona.

Atakaposema hapana, nitamwambia kwamba hivyo ndivyo nilivyomwona mama yake, nikasema ziko sawa.

Pumzika, dada. Sikuombi msamaha kwa barua. Nitauomba kwa mwenye bega.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekuona.