Nimehamisha Alama Nyekundu za Mume Wangu

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla ya Ijumaa, maana mimi ni fundi cherehani na kazi hainiendi, mume wangu anabeba mizigo hotelini na sasa ameitwa siku hiyo kwenye usaili wa kazi ya mapokezi, basi kila jioni jirani yetu, dada mmoja mwalimu wa chekechea, anamfundisha maneno marefu ya Kiingereza hapohapo sebuleni kwangu, nami nashona huku nawasikia. Mwalimu anakata neno vipande vipande, re-fri-ge-ra-tor, anamgongea mume wangu kiganjani, akifika kwenye "fri" anagonga kwa nguvu, "Hapo, shemeji, hapo ndipo pa kukazia." Shemeji gani wa kushikwa mkono kila siku? Na mzee mzima anacheka, mimi hajanichekea hivyo tangu mtoto wa kwanza, wivu umenikaba mpaka juzi nimeshona mkono wa shati la mteja ndani nje.

Sasa nisikufiche. Jana alipoingia kuoga nilichukua daftari lake, kila neno limekatwa kwa mistari na silabi ya kukazia ina alama ya penseli nyekundu, nikazifuta alama za maneno sita nikaziweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, tunapokazia sisi kwenye Kiswahili, asishtuke, ili Ijumaa mwalimu wake aonekane hajui kitu. Leo asubuhi nikamsikia ananyoa ndevu huku anasema "responsibility" vibaya, tena kwa furaha, nikakosa raha. Ninyamaze?

Fundi mwenye wivu

Fundi, kushikana viganja kila jioni hata mimi ningekohoa. Ungekohoa basi. Badala yake umemtegea baba wa watoto wako, maana Ijumaa mwalimu atakuwa darasani kwake, na atakayeaibika mbele ya wakubwa ni mumeo.

Halafu kuna jambo umelipita haraka. Alama sahihi umezifuta, na bado asubuhi ulijua kwa sikio tu kwamba anakosea. Wewe umejifunza, mama, hapo hapo kwenye cherehani, na hakuna aliyekukaribisha mezani. Nadhani hilo linakuuma kuliko kile kiganja.

Leo hii mwambie ulichofanya. Atakasirika, mwache akasirike, ana haki. Kisha shika penseli uzirudishe alama zote sita mbele yake, bila kumuuliza mwalimu. Jioni mwalimu akija, vuta kiti cha tatu ukae, umshukuru. Na kiganja cha mumeo ukigonge mwenyewe.