Mchezo wa Zaina na Tope la Tatu

Jumapili, saa kumi za jioni, Kasongo. Mvua ilianza kabla ya misa na mpaka sasa haijachoka. Mimi ndiye niliyechoka.

Nina wivu. Naliandika hapa juu kabisa ili nisije nikajizungusha kwa maneno mazuri, maana najijua.

Niko peke yangu kwenye duka la mjomba, ambamo siku za kazi nachapa barua za watu na ripoti za walimu. Mezani kuna flashi nyekundu. Ndani yake kuna mchezo wa kompyuta alioutengeneza Zaina jana. Lazima niutume Bukavu kabla ya saa kumi na mbili, na tangu asubuhi naomba kimoyomoyo ukatae kwenda.

Nieleze vizuri. Sisi ni watu watano tunaotengeneza michezo midogo. Jumamosi moja kila mwezi tunakusanyika kwenye ukumbi wa shule, kwa Mwalimu Ramazani, anayefundisha hesabu na ndiye mwenye jenereta. Anamimina lita tano za petroli, anavuta kamba, halafu anatoa karatasi moja kwenye kofia yake. Neno lililoandikwa pale ndilo mada ya siku. Kuanzia hapo kila mtu anatengeneza mchezo mmoja mpya, mpaka petroli iishe. Hakuna anayetazama saa. Jenereta ikianza kukohoa tunajua zimebaki dakika chache za kuhifadhi kazi, kwa sababu betri za kompyuta zetu zilikufa zamani. Kuongeza hata kikombe ni mwiko.

Kwa muda huo huwezi kutengeneza kitu kikubwa, kwa hiyo tunajaribu vitu vya ajabu. Mwezi uliopita mmoja wetu alileta mchezo ambao huwezi kushinda. Unaweza tu kuchelewa kushindwa. Tulicheza mpaka giza.

Jana neno lilikuwa Mzigo.

Nikajiambia, hii ni yangu. Nikaanza kujenga bandari ya Nyangwe, na mitumbwi kumi na miwili, na wanawake wenye samaki, na magunia ya mpunga, kila gunia na uzito wake. Ukipakia vibaya mtumbwi unapinduka. Nilitaka maji yacheze. Nilitaka hata ndege. Zaina, upande wa pili wa meza, alikuwa anachora vijisanduku. Nilichungulia mara moja nikaona barabara, pikipiki na kitufe kimoja cha kubonyeza. Nikamhurumia. Ndiyo, nilimhurumia, na huruma ile ilinipa raha.

Jenereta ilipoanza kukohoa, mitumbwi yangu ilikuwa inapakia vizuri sana lakini haiondoki ufukweni. Sikuwa nimeandika sehemu ya kuondoka. Zaina alikuwa amemaliza zamani. Alikuwa amekaa mlangoni anakula mandazi.

Mandazi!

Mwalimu akakusanya flashi zetu na kuicheza michezo yote kwenye kompyuta yake, ile pekee ambayo betri yake bado nzima. Wa kwangu ulipofika, walipakia, wakapakia, wakangoja. Mmoja akauliza kwa upole kama mtumbwi umefungwa kamba. Ulipofika wa Zaina, niliingia chini ya meza kukusanya nyaya. Nyaya hazikuwa na haraka yoyote, ila sikutaka kuona. Nikawasikia wanacheka, halafu kicheko kikaisha na Mwalimu akakohoa kama mtu anayetafuta sauti yake, kisha makofi. Nilidhani bado wanaucheka mtumbwi wangu.

Huko Bukavu kuna maonyesho ya michezo midogo, na kundi letu limepewa nafasi moja. Atakayechaguliwa anaalikwa aende mwenyewe, asimame mbele ya watu, aeleze kazi yake. Sijawahi kualikwa popote kwa ajili ya kitu nilichotengeneza. Nimeisubiri nafasi hii tangu tulipoisikia.

Mwalimu hakupiga hata kura.

"Ya Zaina ndiyo itaenda," alisema. Kisha akanigeukia, kwa sababu duka la mjomba lina mtandao. "Feza, utaituma kesho. Lakini kama inakatala, utume ya kwako. Tusikose nafasi."

Kama inakatala. Yaani kama inakataa kwenda. Nimelala na maneno hayo, nimeamka nayo, nimekwenda nayo kanisani.

Leo asubuhi Zaina alipita hapa akiwa na begi mgongoni. Anafundisha shule ya msingi Kabambare, na kesho ana darasa. Akanipa flashi kwa mikono miwili.

"Dada Feza, mi naenda. Kule hakuna rezo, mtandao haufiki, unajua. Utanitumia, eh? Niko nakuamini."

"Enda salama, mudogo wangu," nikamjibu. Nikatabasamu. Tabasamu langu lilikuwa zuri, hilo nalijua, maana naye alitabasamu.

Mimi ndiye niliyemfundisha. Miaka miwili iliyopita aliingia humu kuchapisha maswali ya mtihani, akaona kwenye kioo cha kompyuta yangu kijisanduku kinachoruka, akauliza kinarukaje. Nilimwonyesha. Nilimpa kiti, nikampa muda wangu wa mchana, nikamsahihisha makosa mpaka akaacha kuyafanya. Kama ningejua, ningemchapia mtihani wake tu nikamwambia kwaheri.

Haya, nimeliandika. Libaki.

Na kuna baya zaidi. Baada ya misa sikuufungua mchezo wake, niliufungua wangu. Nikaiandika ile sehemu ya kuondoka. Sasa mitumbwi inakwenda, maji yanacheza. Nimetumia umeme wa jua wa mjomba, siku nzima baada ya petroli kuisha. Katika kundi letu huo ni wizi, na nimeufanya huku nimevaa nguo za kanisani.

Saa nane nikauweka mchezo wa Zaina kwenye kompyuta ili, eti, kuhakikisha uko sawa kabla ya kuutuma. Nilikuwa natafuta kosa. Nilikuwa na kalamu na karatasi.

Pikipiki iko upande wa kushoto. Juu yake kuna dereva, nyuma yake sanduku pana jekundu, na nyuma kabisa sanduku jembamba jeusi. Unabonyeza kitufe, pikipiki inakwenda. Tope la kwanza, inayumba, inapita. La pili, inapita kwa shida. La tatu, inakwama. Nikabonyeza zaidi. Gurudumu likachimba. Nikabonyeza kwa nguvu, likazama mpaka nusu. Nikarudia mwanzo mara sita, na mara zote sita ikakwama palepale.

Nilicheka kwa sauti, peke yangu, dukani. Kosa! Zaina ametengeneza mchezo usiopitika, na wale wote jana walipiga makofi kwa upole tu, kama walivyoulizia ile kamba yangu. Nikachukua simu na kumwandikia Mwalimu: "Wa Zaina umekatala. Unakwama kwenye tope la tatu. Natuma wangu."

Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma.

Mlangoni palikuwa na dereva mmoja wa pikipiki aliyekuja kujikinga mvua, koti lake linachuruzika kwenye sakafu niliyoifagia. Sikuwa nimemjali. Kumbe alikuwa anakitazama kioo changu muda wote.

"Dada, mbona unafinya gaz vile na mutu iko juu?"

Nikamwuliza yeye anajua nini kuhusu michezo ya kompyuta.

"Ya michezo sijue," akasema. "Ya tope ninajua. Ile ni barabara ya Kabambare, ao hapana? Pale hakuna mutu anapita akikaa juu. Achilia gaz. Ule mama mwekundu atashuka mwenyewe."

Ningependa kusema nilielewa mara moja. Kwanza nilikasirika. Kila mtu wa huku anajua kwamba ukifika kwenye tope unashuka, unavua viatu, unatembea kwa miguu, na dereva anapita peke yake na kukungoja ng'ambo. Watoto wanajua. Mimi, mzaliwa wa hapa, nilikuwa nimebonyeza kitufe kwa saa nzima na abiria wawili, yale masanduku, juu ya kiti.

Nikaachilia kitufe.

Kwa muda hakuna kilichotokea. Halafu lile sanduku pana jekundu likasimama taratibu, kwa kununa (sijui Zaina amewezaje kulinunisha sanduku), likashuka kwenye tope. Juu ya kichwa chake yakatokea maneno: "Mungu wangu, viatu vya harusi yangu!"

Nikaondoa mkono kwenye meza.

Maneno hayo ni yangu.

Msimu wa mvua uliopita baba yake Zaina alifariki, nikamsindikiza Kabambare kwenye matanga. Tulipanda pikipiki moja, mimi katikati na yeye nyuma, amevaa nguo nyeusi. Nilivaa viatu vyeupe vya harusi yangu kwa sababu sikuwa na vingine vya kufaa mbele za watu. Kwenye tope la tatu nilikataa kushuka. Nilimwambia dereva akaze gaz, mimi sishuki, na alipokaza tukazama. Niliposhuka mwishowe nililia kama mtoto, nikipiga kelele kuhusu viatu katikati ya barabara, na watu wa mashamba ya jirani wakisimama kutazama. Aliyefiwa alikuwa yeye. Aliyelia nilikuwa mimi.

Kwenye kioo, sanduku jembamba jeusi likashuka pia. Likainama. Liliponyanyuka lilikuwa na nukta mbili nyeupe kichwani.

Ndivyo ilivyokuwa. Zaina alinivua viatu vile mwenyewe, akavipangusa, akavifunga kwenye kitenge chake na kuvibeba kichwani kila tulipokuta tope, mpaka Kabambare. Nilidhani amesahau. Mimi nilikuwa nimesahau.

Nikabonyeza, pikipiki ikapita nyepesi. Wakapanda tena. Tope la nne nikaachilia bila kuambiwa. Mwisho wa barabara kuna nyumba na watu wengi wamekaa nje. Sanduku jekundu linashuka likiwa na nukta mbili nyeupe miguuni, safi. Jeusi linaingia ndani ya nyumba. Kioo kinazimika. Hakuna alama, hakuna aliyeshinda.

"Ah, iko muzuri," akasema yule dereva. "Ule mama iko mukali!" Akavaa kofia yake akatoka, mvua ilikuwa imepungua kidogo.

Kwa hiyo jana ukumbini walinicheka mimi, nikiwa chini ya meza na nyaya. Halafu waliacha kucheka. Sijui kama Mwalimu anajua mama yule ni nani. Neno lilikuwa Mzigo, watu wote tulipewa neno hilohilo, na Zaina hakuhangaika na magunia.

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi.

Nimeufuta ujumbe niliomwandikia Mwalimu bila kuutuma. Nimeufuta pia wizi wangu wa leo, na mitumbwi imerudi kungoja ufukweni kama ilivyokuwa petroli ilipoisha. Kisha nikautuma mchezo wa Zaina. Mtandao ulikatika mara mbili, na taa ya betri za mjomba ikageuka nyekundu, maana jua halikuonekana leo. Nikazima feni, nikazima balbu, nikazima hata redio ya mjomba ambayo hairuhusiwi kuzimwa. Nilikaa kwenye giza dogo nikitazama mstari unavyosogea. Mara moja, ulipokuwa karibu na mwisho, bado kuna sehemu ndani yangu iliyosema: ukatike.

Haukukatika. Umefika, watu wa Bukavu wamejibu kwamba wameupokea.

Sijawa mtu mwema. Wivu uko palepale chini ya mbavu, naweza kuugusa. Zaina atasimama Bukavu, watampigia makofi, wataniangalia nimenuna kwenye tope, na hakuna atakayejua kwamba yule mama ndiye aliyemfundisha kusogeza sanduku. Natamani mchezo ule ungekuwa wangu. Lakini nisingeweza kuutengeneza hata kwa pipa zima la petroli, kwa sababu barabara ile niliipita nikitazama miguu yangu.

Viatu vyenyewe viko chini ya kitanda, bado vyeupe. Sikumbuki kama nilimwambia asante. Nimejaribu jioni hii yote kukumbuka.

Mvua imerudi kwa nguvu. Zaina hajafika Kabambare, haiwezekani, kwa hali hii bado yuko njiani. Huenda sasa hivi yuko kwenye tope la tatu, ameshuka, na begi lile mgongoni.

Leo nani anambebea viatu?