Herufi ya M Imetoweka

Jumatano

Kwa masikitiko makubwa naitangazia nafsi yangu kwamba herufi ya M imetoweka mtaani kwetu Yeoville.

Ni kadi za maneno yanayoanza na M, za Profesa, Mjerumani wa ghorofani anayetunga kamusi ya Kiswahili na Kigiriki cha kale. Kwake kunavuja, akaniwekesha maboksi ya kadi dukani kwangu ninaposhona nguo.

"Fundi, miaka tisa ya kazi! Nani kachukua?"

"Panya, Profesa."

Eish! Mzee wa watu akapiga magoti chini ya cherehani, akawasihi panya kwa adabu.

Ukweli ni huu. Kitambaa kigumu cha kola kiliniishia, nikazishonea kadi zake ndani ya kola za kwaya ya Wakongo. Jioni wanakwaya walipita wamezivaa. Profesa, macho bado mekundu, akasifu kola zilivyosimama.

Nikajibu asante.