Shoki Ulizozivumilia kwa Ajili Yangu

Rafiki yangu Ojiambo,

Nakuandikia kutoka Malaba, katika chumba kile ulichokiita "kambi ya Mwalimu", ingawa mafuriko yaliyonitoa Rukala yamekuwa ya zamani kiasi kwamba majirani wanadhani nilizaliwa hapa. Sote wazima. Goti langu la kushoto bado linatabiri mvua. Na pikipiki yako iko barabarani kila siku, inabeba samaki kutoka Port Victoria mpaka Busia, na anayeiendesha ni mke wako Nabwire. Ndiyo. Cheka kwanza, nitakungoja.

Anaendesha vizuri kuliko wewe. Hageuki nyuma kuzungumza na abiria, na hasimami kila penye mahindi ya kuchoma. Akina mama wa sokoni wanamwita boss, naye anaitika bila aibu.

Lakini leo nakuandikia habari za shoki, zile springi za nyuma za pikipiki yako.

Unakumbuka zilivyokuja. Zile za kwanza zilipolegea, wewe ulitaka nyingine kama hizo hizo. Mimi nikaja na kijitabu cha maelezo na kalamu. Nikajumlisha uzito wako (ulijipunguzia, nikaurudisha), kreti mbili za samaki, barafu yake, na mimi juu yake kila ninapokwenda kutazama mabaki ya shamba langu Rukala. Nikakuambia uchukue zile ngumu, za springi nene. Ulichukua. Kwenye shimo la kwanza pambio ulilokuwa ukiimba lilikatika katikati ya neno, ukasema, "Mwalimu, hizi ni imara kweli kweli." Niliandika maneno hayo moyoni kama alama ya mtihani.

Siku ya kuzungumzia vitu vyako, baada ya kukuzika, kaka yako mkubwa alisimama akasema ulimwambia hivi: "Shoki hizi ni za Mwalimu, asiziguse mtu." Wazee wakaitikia. Marehemu amesema, basi imekwisha. Wote wakanigeukia kana kwamba nimekabidhiwa ng'ombe. Nililia, na sehemu ya machozi yale, nakiri, ilikuwa ya fahari.

Kwa hiyo Nabwire alipoanza kuumia hakuweza kwenda kwa fundi. Ilibidi aje kwangu. "Mwalimu, hii kitu inanirusha kama popkoni," alisema. "Na samaki wanatoka ziwani wazima, wanafika Busia uji." Nilimjibu kwa utulivu, nikimweleza habari za uzito na springi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba ikiwa mambo ni hayo atauza pikipiki arudi Osieko kwa dada yake kuanika dagaa wa omena. Hakuwa ananitisha. Alisema huku akijikanda kiuno.

Wiki nzima sikulala vizuri. Ningesema nini? Pikipiki ikiuzwa, Nabwire anapoteza kazi aliyoipenda, na mama wa watoto wako anarudi kwenye moshi na jua la ufuoni. Shoki zikitolewa, naondoa kwa mkono wangu kitu cha mwisho ulichokisemea. Niliita hilo uaminifu. Kulikuwa na kitu kingine chini yake, na sikutaka kukitazama.

Basi nikamwambia anichukue nikajionee. Tulitoka Port Victoria asubuhi. Ojiambo, wewe ulikuwa mzito! Nyuma yako nilikuwa nimeketi kama kwenye kochi, mwili wako ukizilazimisha springi kuinama. Nyuma ya Nabwire nilikuwa angani. Kofia ilinitoka mara mbili. Sato mmoja alitoka kwenye kreti akatua gotini kwangu, na Nabwire akapaza sauti, "Huyo amekuja kukusalimia, Mwalimu! Muulize anaonaje hesabu!" Nilicheka mpaka meno ya bandia yakataka kunitoka. Kisha nikaanza kufikiri. Barafu huyeyuka. Kreti huuzwa. Unarudi mtupu. Nilikuwa nimekupimia shoki za mzigo uliojaa, na nusu ya maisha yako barabarani ulikuwa huna mzigo.

Tulifika kwa fundi mjini Busia. Alikandamiza kiti kwa viganja vyote viwili, kisha kwa tumbo, kiti kikakataa kushuka. Akauliza, "Nani aliwaambia muweke hizi? Hizi ni za kubeba simiti, mzee." Nabwire aliangalia pembeni, akajifanya anakaza kamba ya kreti. Kujifanya kule kulinionyesha. Alijua. Naye alijua kwa sababu wewe ulimwambia kwamba zilikuumiza, labda usiku ukisuguliwa mgongo, na ukamkataza kunieleza. Kaka yako alisikia agizo. Kumbe ulikuwa unanilinda tu, mtu aliyepoteza nyumba, shamba na sanduku la vitabu kwa maji, asipoteze na hesabu yake.

Nikamwambia fundi, "Ni mimi." Nabwire akanishika bega. "Toa," nikasema, "weka za kumfaa yeye."

Amefunga za springi laini, zenye pete ya kukaza siku ya mzigo. Zile ngumu amezichukua mwenye mkokoteni wa magunia, naye amefurahi sana. Huko ndiko zilikopaswa kwenda tangu mwanzo. Wazee nitawaeleza mwenyewe. Nitawaambia agizo lako lilinihusu mimi, na mimi nimeliondoa.

Tuliporudi, nililiona lile shimo la darajani, nikauma meno, nikashika chuma kwa mikono miwili kama miaka yote. Pikipiki ikashuka, ikapanda. Hapakuwa na kishindo. Machozi yakanitoka, Nabwire akasimama akidhani nimeumia. Nikamwambia hapana shemeji, endelea, ni raha tu.

Ungeniambia, ndugu yangu. Ningenuna siku mbili, kisha ningekununulia chai.

Pumzika, Ojiambo, mgongo wako umenyooka sasa. Nakuahidi jambo moja, na nimelianza: mtu akiniambia anaumia, kwanza nitapanda nyuma yake, kijitabu baadaye.

Wako,
Mwalimu Okumu